TAHADHARI: Muuzaji wa amplifaya za valvu hapa Malindi

Wenzangu mnaopiga kwenye hoteli za Malindi na Watamu, na nyinyi wa bendi za harusi kule Mambrui na Gede, someni hii kabla hamjatuma hata thumni. Kuna bwana anatangaza amplifaya za zamani za valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Hadithi yake ni moja siku zote: Mtaliano mzee amerudi kwao, ameacha vyombo nyumbani, vinauzwa haraka haraka. Jina lake silitaji, maana kila mtu niliyeongea naye anamjua kwa jina jingine, na namba za simu hazidumu. Nitawaeleza alivyonifanyia, mtamjua kwa vitendo.

Nilinunua kwake amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb, pamoja na pedali ya sauti (ile ya kupandisha na kushusha sauti kwa mguu), vyote shilingi 130,000. Nusu M-Pesa, nusu mkononi. Alisema ni ya mwaka 1965, imefanyiwa servisi, kapasita (vile vihifadhi umeme vya ndani) zote mpya.

Alinipeleka kuijaribu kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kusaga. Saa nne asubuhi, watu wamepanga foleni na mahindi yao, mashine inanguruma mpaka ukuta unatetemeka. Nilisikia kama mvumo chini ya gitaa nikamuuliza. "Hiyo ni mashine ya jirani, kaka." Nikakubali! Mtu mzima, miaka yote hii nashika gitaa, nikauziwa mbuzi ndani ya gunia huku nikimsikia akilia.

Usiku nyumbani, mtaa umetulia, nikaiwasha. Mvumo ukajaa chumba kizima. Nikashusha volume zote mpaka sifuri, nikachomoa waya wa gitaa. Mvumo uko palepale, haukupungua hata kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kuanzia kule kwake: kama kelele haijali volume, basi haitoki kwenye gitaa wala waya wala pedali. Inatoka nyuma, kwenye sehemu ya umeme ya amplifaya yenyewe au kwenye valvu za mwisho.

Kisha fanya jaribio hili, linataka masikio tu. Bonyeza fret ya tatu ya uzi mnene, ile G. Sauti yake ni kama hetzi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo wa amplifaya yangu ulikuwa papo hapo, juu yake kwa unywele. Umeme wa Kenya ni wa hetzi 50. Ukishapita kwenye rektifaya, kile kifaa cha kuufanya umeme uende upande mmoja, ndani ya amplifaya unakuwa mipigo 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa ni kuilainisha ile mipigo. Zikishakauka kwa uzee, mipigo inapenya hadi kwenye spika. Kama mvumo ungekuwa G ya chini zaidi, oktava nzima, ningeanza kushuku nyaya, waya wa ardhi (ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) au valvu za mbele.

Nikampigia. Sasa mashine ya jirani haipo tena, kosa ni la "umeme wa Malindi". Akaniuzia na stabilaiza, shilingi 6,000. Mvumo haukujali stabilaiza.

Pedali nayo ilikuwa kimya siku ya kununua, laini kabisa. Siku ya nne ikaanza kukwaruza kila nikisogeza mguu. Nikafungua mfuniko wa chini nikakuta potenshometa, kile kidhibiti cha sauti kinachozungushwa, imelowa mafuta, yale ya kunyunyizia bawaba za mlango. Mafuta hunyamazisha mikwaruzo kwa siku chache, halafu hukusanya vumbi mambo yakawa mabaya zaidi. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme husaidia kama tatizo ni uchafu. Lakini njia ya kaboni ndani ya potenshometa ikishalika, hakuna dawa, ni kubadilisha. Ukienda kununua, usipige gitaa: acha gitaa limechomekwa, kanyaga pedali polepole kutoka juu hadi chini, usikilize. Kama inakwaruza hata mguu umetulia, tazama jeki. Kwa chumvi hii ya bahari yetu, jeki za zamani hushika kutu mapema.

Sasa lile lililonifanya niandike. Jumamosi moja tuko ukumbini, nimeshika nyuzi, nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni nianze kuimba. Nikapigwa shoti ya mdomo mpaka machozi yakanitoka. Watu wakadhani ni mbwembwe za jukwaani.

Amplifaya ile ni ya Marekani, ya volti 120, kwa hiyo hutumia transfoma ya kushushia umeme. Plagi yake ilikuwa na meno matatu, na lile la duara, ndilo la ardhi, bwana yule amelikata kwa msumeno ili liingie kwenye transfoma ya matundu mawili. Alama za msumeno zinaonekana. Bodi yote ya chuma ikawa haina ardhi, na nyuzi za gitaa zimeungana na bodi hiyo. Maikrofoni yenyewe ina ardhi kupitia mixa. Mdomo wangu ukawa daraja. Wapo wanaokata ardhi makusudi kwa sababu, amplifaya ikiwa imeunganishwa na mixa, kukata huko hupunguza mvumo. Kelele inapungua kweli. Anayebaki hatarini ni wewe.

Fundi mmoja Mombasa aliifungua mbele yangu. Chini ya kile kifuniko cha bati, kapasita ni za kiwandani, zimevimba, zimetoa uji mweupe. "Servisi" ilikuwa ya mdomo. Halafu akanionyesha nyuma ya vitufe vya volume: namba 1377432. Tarakimu 137 ni za mtengenezaji wa potenshometa hizo, CTS, 74 ni mwaka (1974) na 32 ni wiki. Kwa hiyo 1965 imetoka wapi? Matengenezo yakanigharimu 18,500, pamoja na waya mpya na transfoma yenye ardhi. Na msije mkafungua wenyewe: ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita huweza kuuhifadhi umeme huo hata ukishachomoa plagi.

Nilipomrudia alijifanya muungwana. Akachukua pedali "akaibadilishe", akaniahidi na sehemu ya pesa zangu. Tangu siku hiyo simu haishikwi, na WhatsApp amenifungia.

Juzi mpwa wangu akanionyesha tangazo jipya, jina jingine, Mtaliano mwingine amerudi kwao. Kuna amplifaya ndogo ya valvu na pedali ya sauti "haijatumika sana". Plasta nyekundu niliyobandika chini ya pedali yangu ili wenzangu wa bendi wasiichanganye na zao inaonekana vizuri kwenye picha ya tatu.