Bango la waliofariki 2013: karatasi nzuri, lakini Tabu Ley yuko wapi?

Nina saluni ya kiume hapa Morogoro, na mteja akisubiri zamu yake anachoka kutazama picha za panki tu. Ndiyo maana nilinunua kwa machinga bango la ukutani lenye sura za watu mashuhuri wa dunia waliofariki mwaka 2013. Aliliuza 12,000, tukapatana 8,000.

Karatasi ni nzito, rangi zimekolea, na juu kuna laminesheni: nalifuta kwa kitambaa chenye spiriti, nywele na poda zinatoka, wino haugusiki. Pembe ndizo zinafunuka, kwa hiyo tumia misumari, soltepu haitoshi.

Nililolipenda zaidi ni mpangilio. Sura zinafuata tarehe za vifo, si ukubwa wa mtu. Hugo Chávez wa Venezuela anatangulia, 5 Machi; Chinua Achebe 21 Machi; Margaret Thatcher 8 Aprili; halafu 17 Aprili, ubavuni kwake kabisa, Bi Kidude wa Unguja na msondo wake! Wazee wanaokuja kuchonga ndevu wakifika hapo hawabanduki. Mmoja alikumbusha kuwa ni Thatcher huyo huyo aliyekiita ANC, chama cha Mandela, chama cha kigaidi mwaka 1987, na Mandela, wa 5 Desemba, yupo mstari wa chini anacheka. Ubishi uliozuka ikabidi nizime mashine, maana kichwa cha mteja kilikuwa hakitulii.

Sasa kasoro. Bi Kidude ameandikiwa kazaliwa 1910, kana kwamba mchapaji alikiona cheti. Mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa uhakika, wangeandika hivyo tu. Kofi Awoonor ametajwa kuwa "mshairi wa Ghana", basi. Hakuna neno kwamba aliuawa kwenye shambulio la kigaidi la duka kubwa la Westgate, Nairobi, 21 Septemba, alikokuwa amekwenda kwenye tamasha la fasihi. Mtu akisoma hapo hajui kabisa kwamba jambo hili lilitokea jirani. Na Kalashnikov, mbunifu wa AK-47, aliyefunga mwaka tarehe 23 Desemba akiwa na miaka 94, bunduki yake wameichora kubwa kuliko uso wake.

Lakini la Tabu Ley, mwanamuziki wa Kongo, silisamehi. Alifia Brussels 30 Novemba, siku ile ile aliyokufa mwigizaji Paul Walker kwa ajali ya gari kule California. Walker yupo, tena na gari lake. Tabu Ley, Seigneur Rochereau mwenyewe, aliyepiga ukumbi wa Olympia wa Paris mwaka 1970, hayupo! Vijana hawalioni tatizo, wao wanamtafuta Ngwair wa bongo fleva. Kwa huyo simlaumu sana mchapaji, bango ni la dunia nzima. Ila amezikwa hapa hapa Morogoro, nami nimechoka kuulizwa, kwa hiyo nimekata picha yake gazetini nikaibandika penye Mei. Imekaa vizuri, mgeni hawezi kujua.

Kwa mwenye saluni au kibanda cha kahawa, bei hiyo ni halali. Wa sebuleni afikirie mara mbili, maana ni pana.

Machinga anasema analo la 2016 pia. Nimemwambia alikunjue kwanza: nisipomwona Papa Wemba jirani na Muhammad Ali, abaki nalo.