Kaunta buku la kwaya 3: je, linabeba riwaya nzima ya safari na maajabu?

Duka lolote la vifaa vya shule, iwe Kariakoo au mtaa wa nyuma mjini Kisumu, halikosi kaunta buku: jalada gumu, mgongo wa kitambaa, ukubwa wa A4. Wenye maduka huandika humo madeni, wanafunzi wa sekondari huandika noti. Hapa tunalipima kwa kazi nyingine kabisa, yaani rasimu ya kwanza ya riwaya ya fantasia yenye safari ndefu: ramani, majini, mfalme aliyeibiwa siwa (pembe kubwa ya kifalme inayopulizwa), na watu 3 wanaotumwa kwenda kuirudisha. Kwa kazi hiyo kaunta buku la kwaya 3 (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa) ndilo chaguo letu, mradi liwe limeshonwa, na mradi mwandishi agawe kurasa zake kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Tuanze na hesabu. Kwaya 1 ni kurasa 96, kwaya 2 ni 192, kwaya 3 ni 288 na kwaya 4 ni 384. Wengi huvutiwa na kwaya 4 wakidhani kitabu chote kitaingia humo. Ni zito, mgongo wake huchoka mapema, na ukiwa kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho mkono unakosa pa kuegemea kwa sababu upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Kwaya 2 nayo huisha wakati wasafiri ndio kwanza wanatoka mjini.

Ukurasa wenye nafasi ya milimita 8 kati ya mistari hutoa mistari kama 32. Kwa mwandiko wa kawaida mstari mmoja hubeba maneno 7 au 8, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. "Hawajatutafutia" ni neno moja lakini limekula nafasi ya matatu. Ukurasa unakuwa na maneno 240 hivi. Ukitenga kurasa 24 za mbele na 16 za nyuma kwa kumbukumbu, na ukaandika hadithi upande wa kulia tu, unabaki na kurasa 124 za hadithi, karibu maneno 30,000. Riwaya ya maneno 60,000 inahitaji makaunta buku mawili. Msomaji atauliza mbona upande wa kushoto uachwe wazi, karatasi zinapotea bure. Hazipotei. Upande huo ndio unaoiokoa hadithi, na tutaufikia.

Ukiwa dukani, fungua katikati na utazame bondeni. Uzi ukionekana, limeshonwa. Usipoona uzi kwenye kitita chochote (fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja), limegandishwa kwa gundi tu, na litaanza kutema karatasi baada ya kulazwa wazi mezani kila siku kwa miezi miwili mitatu. Kisha pitisha kidole nyuma ya karatasi ukiielekeza kwenye taa. Kidole kikionekana wazi, wino wa jeli utapenya hadi upande wa pili, kwa hiyo tumia bolpeni ya kawaida. Penseli ya HB inafaa kwa ramani na orodha, maana vitu hivyo hubadilika. Kwa hadithi yenyewe haifai, hufifia kurasa zikisuguana.

Sasa mgawanyo. Andika namba za kurasa zote kwa mkono, kazi ya nusu saa hivi. Ukurasa wa 1 ni wa yaliyomo. Kurasa 2 na 3 zinatazamana, na hapo ndipo pa ramani. Hapa kaunta buku linashinda daftari lisilo na mistari, kwa sababu mistari yake ni kipimo kilichochorwa tayari. Amua kwamba mstari mmoja ni nusu siku ya mwendo wa miguu. Watu wenye mizigo na punda huenda kilomita 20 hadi 25 kwa siku, kwa hiyo mistari 32 kutoka juu hadi chini ni safari ya siku 16. Kwa upande wa mashariki na magharibi, kata kipande cha karatasi, weka alama za milimita 8, ukitumie kama rula. Baada ya hapo hakuna mhusika atakayevuka nchi kwa siku 2 katika sura ya 3 kisha arudi njia ileile kwa siku 9 katika sura ya 11 bila sababu.

Baharini kipimo ni kingine. Jahazi lenye upepo mzuri, likienda usiku na mchana, hupita kwa urahisi kilomita 150, lakini upepo una majira. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Ulimwengu wako unaweza kuwa wa kubuni kabisa, ila ukiupa pepo za namna hiyo lazima zifuate kalenda, na kalenda hiyo ikae ukurasa wa 4. Wengi hukosea kwenye mwezi na maji. Mwezi ukiwa mpevu, bahari iko kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ukiandika kwamba mashujaa walivuka mkono wa bahari kwa miguu jioni ya saa 10, siku ya mwezi mpevu, msomaji wa Lamu au Pemba ataweka kitabu chini. Ukisogeza tukio hadi saa 4 usiku, umepata na dharura: muda wa kuvuka ni mfupi, kisha maji yanarudi.

Kurasa 5 hadi 12 ni za majina na viumbe. Kila jina na mstari wake, na herufi za kwanza zitofautiane. Kombo, Khamisi na Kheri wasipangwe kwenye msafara mmoja. Kando ya kila kiumbe andika upatanisho wake wa kisarufi. Hili ni jambo la Kiswahili na lugha nyingine zenye ngeli, na usitegemee programu ikukumbushe. Jini "alicheka" au "lilicheka"? Zimwi "yule" au "lile"? Na upanga unaosema, je, "ulisema" au "alisema"? Kila chaguo linamwambia msomaji jambo: a- humpa kiumbe utu, li- humfanya dude. Ukichanganya bila mpango, ni kosa. Ukipanga, ni silaha. Mfano wa maandishi ya ukurasa huo: "Upanga: u- hadi sura ya 6. Baada ya kupewa jina: a-." Msomaji atalihisi badiliko hilo hata asipoweza kulieleza.

Kurasa 13 hadi 18 ni za uwezo na miiko. Simulizi zetu za zamani zilishalifanyia kazi jambo hili. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, hadhuriwi na silaha yoyote, ila sindano ya shaba kitovuni. Sindano hiyo ndiyo inayoibeba hadithi, kwa kuwa inamfanya mtoto wake, anayeipata siri hiyo, awe hatari kuliko jeshi zima. Kwa hiyo gawa ukurasa safu tatu: uwezo, gharama, sindano. Mchawi anayeweza kuzima moto kwa neno analipa nini? Anapoteza sauti kwa siku 3? Basi siku ya 2 asizungumze. Safu ya gharama ikikaa tupu, fantasia inalegea katikati, kwani kila tatizo litatatuliwa kwa uwezo uleule. Kurasa 19 hadi 24 ziache wazi, utazihitaji.

Sasa ule upande wa kushoto. Kila unapomaliza ukurasa wa kulia, jaza wa kushoto vitu vinne: siku ya ngapi, wako wapi, nani kaumia, na wana nini mkononi. Chukua mfano wa watu 3 na punda 2 wanaovuka jangwa kwa siku 5. Mtu anayetembea juani apewe angalau lita 4 kwa siku, jumla 12. Punda mmoja apewe lita 15, jumla 30. Hizo ni lita 42 kila siku. Punda mmoja hubeba kilo 50 hivi, na ukitoa chakula na siwa, wote wawili wanabaki na nafasi ya lita 80. Maji yanaisha jioni ya siku ya 2. Mwandishi asiye na upande wa kushoto huwapitisha salama hadi siku ya 5 na hajui kwamba amedanganya. Mwenye nao anajua kwamba siku ya 2 panahitajika kisima, na kisima jangwani kina mwenyewe. Mwenyewe ni nani, na anataka malipo gani? Sura ya 8 imepatikana hapo, kwenye hesabu ya maji, na ni bora kuliko joka la kushtukiza.

Udhaifu wake upo, tena si mdogo. Sura haihamishiki. Dawa ni kuipa kila sura herufi badala ya namba (A, B, C) na kuacha mpangilio wa mwisho kwenye ukurasa wa yaliyomo. Tukio jipya liandike kwenye karatasi pembeni, pinda ukingo wa sentimita 1, uubandike kwa gundi upande wa kushoto. Zikizidi karatasi 20 hivi, jalada halifungi tena. Kutafuta neno haiwezekani, ndiyo maana orodha ya majina iandikwe na namba ya ukurasa ambamo mhusika anaingia mara ya kwanza. Pwani, unyevu huvimbisha karatasi, na mende hupenda gundi ya wanga. Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana kinatosha.

Hatari kubwa ni kwamba nakala ni moja. Piga picha kurasa za siku hiyo kabla ya kulala, mbili kwa picha moja, au mchana unaofuata kama taa ni hafifu, uzitume kwenye barua pepe yako. Kisha kuna kuchapa. Kwa kasi ya maneno 30 kwa dakika, kaunta buku moja linataka karibu saa 17. Anayetaka kuwasilisha muswada mwezi ujao aandike moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa wengine, saa hizo ni rasimu ya pili: mkono unaochapa hukataa kurudia sentensi mbovu.

Nunua mawili kwa siku moja, kutoka boksi moja. Toleo la baadaye huweza kuja na nafasi nyingine kati ya mistari, na ramani ya kitabu cha pili ikichorwa humo, nusu siku ya mwendo haitakuwa tena urefu uleule.