Kitabu cha maneno ya Scrabble, na kwa nini Q si mgeni kwa mtu wa Pwani

Nimecheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa herufi zenye pointi, miaka tisa sasa, zaidi kwenye baraza ya mjomba wangu Kibokoni, Mombasa, Jumamosi baada ya alasiri. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa nikitia mkono mfukoni kuchota herufi huku naomba nisitoke na Q. Kiingereza karibu kila mara huifuatisha Q na U, kwa hiyo ikija bila U, nilikuwa na njia mbili: kupoteza zamu nzima nikibadilisha herufi, au kukaa nayo hadi mwisho wa mchezo na kukatwa pointi 10. Kitabu ninachokisifu leo ndicho kilichoniondolea hofu hiyo, ingawa nitasema pia pale kiliponiacha nihangaike peke yangu.

Kinaitwa Collins Scrabble Words. Ndiyo orodha inayofuatwa na wachezaji wa mashindano ya Kiingereza karibu kote nje ya Marekani na Kanada, kwa hiyo ukitaka kucheza nje ya sebule yako, hii ndiyo sheria. Nakala yangu ni toleo la 2019 (yametoka mapya zaidi tangu hapo), lina maneno 279,496, safu baada ya safu za maandishi madogo. Mwenye macho ya umri wangu atahitaji taa nzuri.

Kwanza nilinunua vibaya. Duka moja la mtandaoni lilionyesha picha ya jalada jipya, likaniletea toleo la zamani. Sikugundua mpaka siku mpinzani wangu alipoweka OK. Nikalipinga neno kwa uhakika wote, maana kwenye kitabu changu halikuwamo. Kumbe liliingizwa katika orodha ya 2019, pamoja na EW na ZE. Kwetu ukipinga neno halali mwenzako anaongezewa pointi 5, na mchezo ule nilishindwa kwa pointi 3. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fungua kwenye O utafute OK. Usipoliona, kirudishe.

Ukishakuwa na toleo sahihi, usianze na maneno marefu. Anza na ya herufi mbili. Yako 127 tu, na mtu anayafunga kichwani kwa wiki mbili, akisoma kumi kila usiku. Hayo ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno lako sambamba na neno lililokwisha kuwekwa, ukahesabiwa pande zote mbili. Angalia QI. Lenyewe lina pointi 11: 10 za Q na 1 ya I. Lakini ukiiweka Q kwenye kisanduku kinachozidisha herufi mara tatu, na QI ikasomeka kwa mlalo na kwa wima pia, unapata 31 na 31 nyingine: pointi 62 kwa herufi mbili tu kutoka mkononi mwako. Mimi nilishacheza maneno ya herufi sita ambayo hayakufika hata nusu yake. Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, alishinda mwaka 2015 kule Perth, Australia, na Wanaijeria walijulikana kwa kuchagua maneno mafupi hata pale marefu yalipowezekana. Kwa hiyo si ujanja wa barazani tu.

Sasa nije kwenye Q yenyewe, maana hapa ndipo kitabu kilipobadilisha mchezo wangu.

Usiku mmoja nilikaa na penseli, nikaanza kuandika kila neno lenye Q isiyofuatwa na U. Nikaandika QADI. Nikaandika QIBLA. Nikaandika WAQF, TALAQ, FAQIR, NIQAB, SUQ. Nikaweka penseli chini. Nilikuwa nimekaa miaka sita nikiiogopa herufi ambayo maneno yake nayasikia tangu utotoni! Qadi ni kadhi, yule yule wa Mahakama ya Kadhi. Qibla ni kibla. Waqf ni wakfu, talaq ni talaka, faqir ni fakiri, niqab ni nikabu. Suq ni soko. Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu kikaandika kwa K, Kiingereza kikayapokea kikabakiza Q. Ni maneno ya jirani mmoja aliyetembelea nyumba mbili.

Nikaendelea. QANUN: ala ile ya nyuzi tunayoisikia katika taarab ya Unguja, ambayo wenyewe huiita kanuni. QAT: miraa! Neno la pointi 12 ambalo nalipita kila siku kwenye vibanda njiani nikienda kazini.

Hesabu zake, kabla hujagusa kisanduku chochote cha kuzidisha, ni hizi ninazozikumbuka bila kutazama: WAQF 19, FAQIR 17, QIBLA na NIQAB 16 kila moja, QADI, TALAQ na QANUN 14. Na karibu yote unaweza kuyatia S mwishoni. Mtu wa London lazima ayakariri kama namba za simu. Mtu wa Pwani anahitaji tu kukumbuka kwamba K yetu hapa inakuwa Q.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa kitabu. Hakikupi maana. Kinakwambia neno lipo, basi. Hakikwambii kwamba WAQF ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe wala isirithiwe. Najua wako wachezaji wanaosema maana haina kazi, na wana ushahidi mkubwa: Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, kwa kukariri orodha. Namheshimu sana. Lakini kichwa changu mimi hakishiki herufi tupu. Nilijaribu kukariri mamia ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti, yakatoka ndani ya mwezi mmoja. Yale niliyoyajua maana hayajatoka hata moja. Kwa hiyo pembezoni mwa kurasa zangu pameandikwa kwa penseli: kadhi, kibla, miraa. Ukikinunua, nunua na penseli.

Jambo jingine litakalokufurahisha: maneno yetu wenyewe yamo. BWANA, SHAMBA, ASKARI, PANGA, UGALI, KIKOI, MATATU, UHURU, UJAMAA. Usiyadharau. KANZU ni pointi 18, MZEE 15. UHURU halina pointi nyingi, 8 tu, lakini linakuokoa ukikamatwa na U tatu mkononi, balaa ambayo kila mchezaji anaijua. Wingi ndio utakaokukera sikio, kwa sababu sarufi ni ya Kiingereza: SAFARIS, ASKARIS, MATATUS. Hata mimi nilichukia mwanzoni. Kisha siku moja nikapata M, A, T, A, T, U na S kwa pamoja, nikamaliza herufi zote saba kwa mpigo na kupata ile ziada ya pointi 50. Tangu hapo sijagombana na S yao.

Nilikipata hiki cha pili kwa shilingi 2,300 pamoja na kuletwa. Jalada ni laini na uti wake umeanza kuachia baada ya miaka mitatu ya kufunguliwa kila siku, nami nimekivisha nailoni. Kwa anayecheza mara moja kwa mwezi na watoto, ni gharama isiyo ya lazima. Jifunze yale 127 na utatamba. Kwa anayetaka mashindano, hakuna cha kukisaka badala yake.

Jumamosi iliyopita A ilikuwa imekaa juu ukingoni, mahali pazuri, nami nilikuwa na W, Q na F. Nikaliweka WAQF, F ikaangukia kisanduku chekundu kinachozidisha neno mara tatu. Pointi 57. Mwenzangu, mtu mzima kutoka bara anayesoma sana, akalitazama, akakuna kidevu, akalipinga. Tukafungua kitabu, likawamo. Akasoma na ile penseli yangu pembeni, akaniuliza, "Wakfu ni nini hasa, dada?" Nikamwonyesha yale maduka matatu ng'ambo ya barabara, ambayo kodi yake inalipia maji na taa za msikiti. Akatikisa kichwa, akajiandikia neno kwenye kijidaftari chake, ndipo akaniongezea pointi zangu.