Nilikwenda kutibiwa hofu, nikaulizwa dirishani kama nataka kufa

Swali lenyewe lilikuwa hili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umewaza kwamba ni afadhali ufe? Niliulizwa nikiwa nimesimama dirishani mapokezi, nyuma yangu foleni ya watu kama saba, wenye malaria, wenye presha, na mama mmoja tunayesali naye jumuiya moja. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho. Aliuliza kama anayeuliza unaishi mtaa gani.

Nikanyamaza. Akadhani sijasikia, akapandisha sauti. “Mama, jibu tuendelee. Hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?”

Nikasema hakuna kabisa. Nilidanganya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haijapoa hadi leo. Ile karatasi ya maswali, lilimotoka swali hilo, haina kosa. Ina maswali tisa, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, zikijumlishwa hazizidi 27, na ukipewa kalamu na kona yako unaimaliza kwa dakika tano. Hilo la tisa ndilo linalomwambia mtaalamu kama uhai wako uko hatarini. Sasa ukimwuliza mtu mbele ya jirani zake, unategemea akujibu nini? Mimi niliingia ndani na sifuri yangu ya uongo, na kama mwanasaikolojia angeiamini, sijui leo ningekuwa naandika nini. Jioni ile nikapigiwa simu tatu za “tunakuombea”. Mmoja akauliza kama ndiyo napelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nilichokwenda kutibiwa ni ajali. Mwaka jana daladala niliyopanda ilipinduka Barabara ya Morogoro. Mwili ulipona haraka. Lakini tangu siku ile, konda akigonga bodi kwa kiganja, pa-pa, twende, miguu inakufa ganzi na jasho linanitoka. Nimekuwa natembea kwa miguu kutoka Kimara hadi Ubungo kwenda kufundisha, mwendokasi inanipita ubavuni. Usiku silali. Mtu akifika hapo, kwenda kliniki tu ni safari ya mwezi mzima kichwani. Halafu unakutana na lile dirisha. Kwa siku kadhaa nilimwambia kila aliyeniuliza: usiende, utaumbuka bure.

Sasa nisiwe mwongo mara ya pili. Yule mama wa ndani, mwanasaikolojia, ni mtu. Alianza kunieleza kwamba nitakayosema yatabaki pale, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Nikamkatiza, siri gani tena mama, wakati nje wameshanisoma wote? Akaweka kalamu chini. Akasema pole, na hakumtetea mtu. Akatoa karatasi nyingine, akanipa kalamu yake, akageuza kiti akatazama ukutani mpaka nilipomwambia nimemaliza. Safari hii nilijibu kweli. Akaisoma, akaniuliza polepole kuhusu lile la tisa, nimefikiria nini hasa, nina mpango wowote, nyumbani nina nani wa kumwamsha usiku. Hakushtuka, wala hakunihubiria.

Kwa anayetaka kuanza: siku ya kwanza usitegemee kutoka umepona. Dakika hamsini zote ni maswali na historia yako, na mimi usiku huo nililala vibaya kuliko kawaida kwa sababu nilikuwa nimeyachokoza. Dawa sikupewa. Mwanasaikolojia anatibu kwa mazungumzo. Wa kuandika dawa ni daktari wa akili, na atakupeleka kwake ikihitajika. Mara ya pili tulichora ngazi. Chini kabisa ni kusimama kituoni bila kupanda gari, juu kabisa ni kukaa kiti cha mbele hadi palepale ilipotokea ajali. Kila daraja nalipatia alama ya hofu, 0 hadi 100. Kazi ya nyumbani ni kusimama kituoni mpaka hofu ishuke nusu, nisikimbie kabla. Mara ya kwanza nilianza na 80, nimeshika nguzo ya kibanda cha vocha kwa mikono miwili. Baada ya dakika kama arobaini nikajikuta nimeiachia, wala sikumbuki niliiachia saa ngapi.

Kwa hiyo nenda. Hilo nalisema sasa, na nililisema tofauti mwezi uliopita. Lakini uongozi wa kliniki ile siwasifu hata kidogo, kwa sababu nilipeleka malalamiko mwenyewe, nikajibiwa kwamba utaratibu ndio huo, wagonjwa wengine hawajui kusoma. Asiyejua kusoma naye hana siri? Mlango wa kufunga mnao, msomeeni humo!

Juzi nikiwa nasubiri, kijana mmoja alikuwa dirishani anajibu kwa kunong’ona. Dada akamwambia, sema kwa sauti. Nilisimama, nikamwomba ile karatasi ampe mwenyewe ajaze. Akanitazama kwa muda, akaisukuma chini ya kioo. Hakuwa na kalamu ya kumpa. Nikampa yangu.

Alhamisi nakwenda tena, nitabeba mbili.