Bodi ya ESP32 baada ya miaka minne Mbeya: kifaa kizuri ambacho gharama yake hulipwa na wengine

Bodi hii, kadi ndogo ya elektroniki ambayo mtu huiandikia programu ili isome vihisi na kuendesha vifaa, niliinunua kwa mara ya kwanza miaka minne iliyopita katika duka moja la vifaa vya elektroniki karibu na soko la Mwanjelwa, kwa shilingi 25,000, na tangu hapo nimenunua nyingine sita. Nne zinafanya kazi nyumbani kwangu, mbili ziko kwenye banda la kuku la shemeji yangu huko Uyole, na ile ya kwanza niliiunguza siku ya tatu kwa sababu nitakayoieleza. Kwa muda wote huo nimekuwa pia mmoja wa watu wachache wanaokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha karakana ya rafiki yetu, mtaa wa Soweto, kuwasaidia bila malipo wale waliokwama na bodi hii. Nimefika mahali ambapo siwezi kuitathmini bodi bila kuutathmini msaada huo, kwa sababu mnunuzi wa kawaida hapa kwetu hawezi kuitumia bodi bila msaada huo.

Kifaa chenyewe kina thamani kuliko bei yake. Kinatokana na chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyotoka mwaka 2016, na katika kipande kinachoenea kiganjani kuna prosesa ya viini viwili inayofika megahezi 240, kumbukumbu ya kilobaiti 520, Wi-Fi na Bluetooth. Aliyeanza na Arduino Uno ya zamani, bodi ambayo wengi hujifunzia, yenye megahezi 16 na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu, ataiona tofauti siku ya kwanza, hasa kwa kuwa Uno hiyo haina njia ya kuwasiliana na simu mpaka iongezewe kifaa kingine.

Matumizi yaliyonifanya niithamini ni ya banda la kuku. Vifaranga wa siku moja wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika juma la kwanza, na usiku wa Juni au Julai hapa Mbeya unaweza kuwamaliza kabla ya alfajiri ikiwa jiko la mkaa litazimika. Bodi moja, ikiwa na kihisi cha joto cha DHT22, hupima joto kila dakika na kuliza king'ora chumbani kwa shemeji joto linaposhuka chini ya 31. Kabla ya hapo alikuwa akiamka mara tatu kila usiku kwenda kuchungulia. Asubuhi moja ya msimu ule wa kwanza alinipigia simu akasema tu, "Shemeji, leo nimelala mpaka kumekucha." Kwa vifaa visivyozidi shilingi 50,000, sijui ningemnunulia nini kingine chenye faida kama hiyo.

Kasoro kubwa ya bodi hii ni mitego yake, ambayo mnunuzi haelezwi, na hapa inauzwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na hata karatasi moja ya maelezo. Pini zake, yaani miguu ya chuma ya kuunganishia nyaya, zimetengenezwa kwa volti 3.3, ilhali vihisi vingi vinavyouzwa katika kabati lile lile ni vya volti 5. Kihisi cha HC-SR04, ambacho wengi hukinunua ili kupima kina cha maji kwenye tangi, hurudisha volti 5 kwenye waya wake wa mwangwi (Echo), na ndicho kilichoiua bodi yangu ya kwanza. Dawa yake ni rezista mbili, vipande vidogo vya kuzuia umeme, moja ya kiloomu 1 na nyingine ya kiloomu 2, zinazoigawanya volti hiyo hadi kufikia takribani 3.3, na bei yake haifiki hata nauli ya daladala. Lakini muuzaji aliyenipa bodi na kihisi kwa pamoja hakunitajia rezista.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unamfanya mtu aishuku programu yake. Baadhi ya pini za kupimia volti, zikiwemo namba 4, 25, 26 na 27, husoma vizuri kabisa mpaka Wi-Fi inapowashwa, kisha huacha kusoma, kwa kuwa Wi-Fi inautumia mtambo ule ule wa upimaji. Nimewaona vijana wawili wakifuta na kuandika upya programu nzima kwa wiki mbili, wakati kilichohitajika ni kuhamisha waya mmoja kwenda pini 32 au 33. Pini 12 nayo, ikipata volti wakati bodi inapowashwa, inaweza kuizuia bodi isiwake kabisa. Wi-Fi yake ni ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo simu inayorusha mtandao kwa gigahezi 5 haionekani. Na kuna kebo za kuchajia simu ambazo hazina nyaya za data ndani yake, ambazo mtu akizitumia, kompyuta haitambui kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Mitego yote hiyo ina majibu, na sehemu kubwa ya majibu ilipatikana kwa jasho la watu ambao hawakulipwa na mtu. Chipu iliyoitangulia hii, ESP8266, ilipoanza kuenea mwaka 2014, maelezo yake yalikuwa machache na kwa Kichina. Wapenzi wa elektroniki katika nchi mbalimbali waliyatafsiri, wakaijaribu pini moja baada ya nyingine, kisha wakaandika walichokiona ili anayefuata asianzie sifuri. Zana tunazotumia kuandikia programu za bodi hii ni za Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambao wenyewe waliuacha wazi kwa kila anayetaka kuutumia na kuuendeleza. Kwa hiyo anayewasha ESP32 yake leo Mbeya au Mafinga, hata akiwa peke yake chumbani, anasimama juu ya kazi ya watu waliopokea kisha wakarudisha.

Uchungu wangu umeanzia hapo. Ujumbe ninaoupokea mara nyingi zaidi kwenye simu unasema, "Kaka habari, bodi haifanyi kazi, naomba msaada haraka." Hauna picha ya nyaya, hauna programu, hausemi ni kitu gani kilichotarajiwa wala ni kitu gani kilichotokea. Nikiuliza kihisi gani, najibiwa "cha kawaida". Baada ya maswali sita au saba, ambayo kila moja nalipata jibu lake nusu, nagundua kwamba waya uko pini 26, namwambia auhamishie 32, na hapo mazungumzo yanakatika. Hakuna neno la kusema imekubali au imekataa. Mwezi mmoja baadaye namba ile ile inarudi, "Kaka habari", na tatizo jipya, kama vile lile la kwanza halikuwahi kuwepo.

Wengi wanaponisikia nikilalamika hudhani nadai shukrani. Shukrani ni jambo jema, lakini ninachokikosa ni matokeo, kwa sababu jibu ambalo mwulizaji hakurudi kueleza lilimfikisha wapi linabaki kuwa dhana yangu tu. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimwambia kila mtu ambaye bodi yake inajizima na kujiwasha mara tu Wi-Fi inapoanza kwamba abadilishe kebo. Walikuwa wakiondoka, hawarudi, nasi tukaamini tumewaponya. Kisha akaja dada mmoja kutoka Tukuyu aliyekuwa akipima unyevu wa udongo kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Tulimpa jibu lile lile. Jumamosi iliyofuata alirudi na daftari lake, akatuambia kwamba alikuwa amejaribu kebo tatu bila mafanikio, kisha akaacha kebo ile ile ya kwanza na kubadilisha chaja, na bodi ikatulia. Chaja ndogo aliyokuwa nayo haikuweza kutoa umeme wa kutosha kwa kishindo cha Wi-Fi inapowaka. Kiwanda kinashauri chanzo chenye uwezo wa angalau miliampea 500. Kwa safari moja ya kurudi alisahihisha kosa ambalo sisi tulikuwa tukiligawa kwa watu bila kujua. Alipoondoka alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ingawa siku ile sisi ndio tuliostahili kuyasema maneno hayo. Hadi leo najiuliza ni wangapi kati ya wale walionyamaza wana bodi kabatini wakiamini ni mbovu.

Kuna mkasa mwingine ambao umeniuma zaidi. Kijana mmoja wa chuo alitujia siku mbili kabla ya kuwasilisha mradi wake wa tangi la maji, akitaka tumwandikie programu yote. Tulikaa naye mpaka saa nne usiku, tukamwandikia na kumweleza kila mstari, tukamwomba kitu kimoja tu: wenzake wakikwama, awaelekeze. Juma lililofuata walikuja vijana watatu wa darasa lake na ombi lile lile, na walipoulizwa kama hawakumwona mwenzao, walisema ndiye aliyewaelekeza kwetu.

Na tumempoteza mtu. Katika chumba chetu alikuwapo mzee mmoja, fundi mstaafu wa redio, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyeweza kubadilisha rekuleta, kipande kinachodhibiti volti, kwenye bodi bila kuiharibu. Jumapili moja, akiwa ibadani, alipigiwa simu mara tano mfululizo, na alipofungua simu baadaye alikuta ujumbe uliosema, "Mzee, mbona hujibu? Mteja wangu ananisubiri." Hapo ndipo alipojua kwamba kazi aliyokuwa akiifanya bure kwa miezi mitatu ilikuwa ikiuzwa na yule aliyempigia. Hakugombana na mtu yeyote. Tukikutana Mafiati ananisalimia vizuri, anauliza hali ya watoto na ya bodi, lakini Jumamosi haji tena, nami sina neno la kumwambia ili arudi.

Wazee wetu walilima kwa ujima, na mtu aliyelimiwa shamba lake leo alijulikana kesho kwa jembe lake katika shamba la mwenzake. Hakuna aliyemtaka mgeni wa kazi alime sawa na mwenyeji. Aliyekuwa dhaifu alibeba maji ya kunywa. Hivyo ndivyo ninavyomtazama anayeanza na bodi hii. Simdai ujuzi, kwa maana kutojua ndiko kulikotuleta sote katika chumba kile, na swali la mtu aliyejaribu hata likiwa dogo kiasi gani ni furaha kwangu. Ninachomwomba ni picha ya nyaya zake katika mwanga wa kutosha, programu yake nzima, maneno ya kosa jinsi yalivyotokea kwenye kompyuta, alichokwisha kujaribu, na kisha, jambo likiisha, sentensi moja ya kusema limeishaje. Anayeweza zaidi aandike mistari miwili katika daftari letu kubwa lililo mezani, ambalo kurasa zake nyingi bado ni mwandiko wa watu wanne.

Duka nalo lina sehemu yake. Niligundua mwaka jana kwamba muuzaji, mteja anapomuuliza jinsi ya kutumia bodi, humwandikia namba yangu ya simu nyuma ya risiti. Hakuwahi kuniomba ruhusa. Anauza bodi, anachukua faida yake, na sehemu ya biashara inayochukua muda mwingi, ambayo ni kumfundisha mteja, anaisukuma kwa watu ambao wana kazi zao na familia zao. Nilimwendea na kumweleza hivyo bila hasira, naye, nakiri, alinisikiliza.

Hukumu yangu juu ya bodi ni kwamba inunuliwe. Kwa mwenye tangi, banda, kitalu au stoo ya viazi katika baridi hii ya nyanda za juu, sijaona kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi nyingi kiasi hicho. Tahadhari moja kwa anayetaka kuiweka shambani kwa betri: chipu ikilala usingizi mzito hutumia takribani maikroampea 10, lakini bodi nzima, pamoja na taa yake na rekuleta yake, hutumia zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo hesabu ya betri ifanywe kwa kupima bodi yenyewe. Huduma ya duka siwezi kuisifu. Na msaada wa Jumamosi, ambao wanunuzi huuhesabu kama sehemu ya bidhaa, hauko katika bei waliyolipa.

Tulichokubaliana na muuzaji ni kwamba namba yangu isiandikwe tena, na badala yake kila bodi itolewe na karatasi niliyoiandaa, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, inayoeleza kuhusu volti 3.3, rezista mbili, pini za Wi-Fi, pini 12, kebo na chaja. Ile sehemu ya chaja nimeiandika kwa kunakili daftari la yule dada wa Tukuyu, kwa idhini yake. Chini nimeacha mistari mitano mitupu kwa ajili ya yule atakayegundua mtego wa saba, ili airudishe karatasi dukani au ailete Soweto Jumamosi. Tumegawa thelathini na mbili hadi sasa. Imerudi moja.