Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye kompyuta mbili: Kirumba, Nyegezi na ndani ya meli ya Nansio

Biashara ninayoitunzia hesabu huuza dagaa wakavu kwa jumla kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na wanunuzi wake wakubwa wa Lubumbashi na wa Zambia huagiza kwa barua pepe. Kazi hiyo naifanya kwa kompyuta mbili: ya mezani iliyoko ofisini, ambayo mwenzangu naye huitumia, na mpakato ninayorudi nayo nyumbani Nyegezi. Kwa muda mrefu kompyuta hizo mbili hazikuwa na habari moja. Siku moja mnunuzi aliagiza magunia 120, kisha usiku akaandika tena kwamba fedha haikutosha, apelekewe 80 tu. Barua ya pili iliingia kwenye kompyuta ya ofisini na haikufika kamwe kwenye mpakato, nami nikaandaa ankara ya magunia 120 na gari likaanza kupakiwa. Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Mama, aliniita mezani akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, barua yake ipo hapa. Wewe umesoma ipi?” Magunia 40 yalishushwa kwa gharama yetu.

Chanzo kilikuwa namna akaunti ilivyowekwa. Fundi aliyetuwekea programu ya awali alichagua POP3, utaratibu unaofaa kompyuta moja: programu huenda kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua zetu, huchukua barua, huzishusha, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Kompyuta iliyowashwa kwanza asubuhi ndiyo iliyobeba barua za siku. Hata ukiiamuru iache nakala kwenye seva, POP3 haipeleki habari kwamba barua fulani imesomwa au imejibiwa, wala haigusi barua ulizotuma. IMAP, utaratibu mwingine ambao Mark Crispin alianza kuubuni mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva pamoja na folda zake na alama zake, na kila kompyuta huonyesha hali ileile iliyoko huko. Mtu yeyote mwenye kompyuta zaidi ya moja aanzie hapo kabla hajafikiria programu ipi ni nzuri, kwa sababu hakuna programu itakayoiponya akaunti iliyowekwa kwa POP3.

Programu niliyoichagua ni Thunderbird ya Mozilla, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 na ambayo hadi leo hutolewa bure na kuendeshwa kwa michango ya watumiaji. Tumeitumia tangu kisa kile cha magunia. Akaunti ya POP3 haibadiliki kuwa ya IMAP, hivyo niliongeza akaunti mpya ya anwani ileile, nikaweka mlango (port) wa 993 wenye usimbaji, yaani unaoficha barua zisisomwe njiani, kisha nikazivuta barua za zamani kutoka akaunti ya kale na kuziingiza kwenye folda za akaunti mpya, nazo zikapanda kwenye seva moja baada ya nyingine. Ilichukua usiku mzima. Nashauri kazi hiyo ifanyike ofisini kwenye intaneti ya kudumu, wala si kwa bando la simu.

Sifa kubwa ya Thunderbird kwa mtu wa Kanda ya Ziwa ni kwamba huhifadhi nakala kamili ya barua ndani ya kompyuta, hivyo unaendelea kufanya kazi hata mtandao ukipotea. Kila mwezi husafiri kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kukagua mzigo, na katikati ya ziwa simu hukosa mtandao. Safari ya kwanza baada ya kuhamia IMAP, nilikaa na mpakato magotini nikajibu barua 7, nikafuta matangazo, nikahamisha stakabadhi mbili kwenye folda ya malipo. Majibu yalisubiri katika kikasha cha kutoka. Tuliposhuka Nansio niliunganisha mpakato na simu, programu ikaniuliza kama itume barua zilizosubiri, nikakubali. Baada ya dakika chache nilimpigia mwenzangu wa Kirumba, naye akanisomea kwenye kioo chake barua zilezile 7, kila moja ikiwa na kile kimshale kidogo cha kuonyesha kwamba imeshajibiwa. Kimshale hicho ndicho kilichomaliza majibu ya mara mbili ofisini kwetu. Kabla ya hapo tulikuwa tukiulizana kwa simu nani amemjibu nani. Lakini ieleweke kwamba barua iliyo katika kikasha cha kutoka bado ipo kwenye kompyuta hiyo peke yake, na mpakato ikizama au ikiibwa kabla ya kuunganishwa, barua hiyo imekwenda nayo.

Bila kuelekezwa vinginevyo, Thunderbird hushusha barua zote za folda zote pamoja na viambatisho. Kwenye mpangilio wa usawazishaji na uhifadhi wa akaunti niliagiza mpakato ishushe barua za miezi 6 tu na isishushe yenyewe zile nzito kupita kiasi nilichokiandika, huku kompyuta ya mezani ikihifadhi kila kitu. Tofauti hiyo ndiyo iliyonusuru bando langu.

Wiki ya pili ilitokea kasoro iliyonisumbua kuliko nilivyotarajia. Barua nilizotuma kutoka nyumbani hazikuonekana ofisini, ingawa wapokeaji walizipata. Nilipochunguza nilikuta seva yetu ina folda mbili za barua zilizotumwa, moja ikiitwa Sent na nyingine Sent Items, iliyoachwa na programu ya zamani. Mpakato ilikuwa ikiweka nakala katika moja na kompyuta ya mezani katika nyingine. Usawazishaji ulikuwa umefanya kazi yake bila kosa, ila kila mmoja wetu alikuwa akitazama folda yake. Nililazimika kufungua sehemu ya nakala na folda katika kompyuta zote mbili, nikachagua folda ileile kwa barua zilizotumwa, kwa rasimu na kwa kumbukumbu. Programu ilipaswa kuonya pale inapokuta folda mbili za kazi moja. Haikuonya, na hilo nalihesabu kuwa upungufu halisi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea, nasi tulilikosea: IMAP si nakala ya akiba. Kijana aliyekuja kujifunza kazi aliona kompyuta ya ofisini imejaa, akafuta barua za mwaka uliopita na kusafisha tupio, nazo zikatoweka pia kwenye mpakato mara nilipoifungua. Ufutaji husawazishwa sawasawa na usomaji. Tangu hapo, barua za mikataba na malipo hunakiliwa kwenye folda za ndani za kompyuta, ambazo seva haizigusi, na folda hizo huhamishiwa kwenye diski ya nje.

Kitabu cha anwani hakipiti kwenye IMAP. Thunderbird hukisawazisha kwa CardDAV, utaratibu wa kusawazisha anwani, ikiwa mwenye seva anatoa huduma hiyo, na wetu anayo. Kwa simu lipo toleo la Android lililotoka Oktoba 2024, lililojengwa juu ya K-9 Mail, programu ya barua pepe ya Android, na akaunti huhamishwa kutoka kompyuta kwa kupiga picha msimbo wa QR. Naitumia kusoma tu, sina malalamiko.

Kutumia barua pepe ndani ya kivinjari kungeondoa shida zote za usawazishaji, na kwa mwenye intaneti isiyokatika sioni sababu ya kuhangaika na programu. Sisi hatuna intaneti ya namna hiyo, hivyo Thunderbird naipa alama 4 kati ya 5.

Alama moja nimeiondoa kwa ajili ya folda zile mbili na kwa ajili ya vichujio. Kichujio cha kuzipeleka taarifa za benki kwenye folda yake hukaa ndani ya kompyuta kilipotengenezwa. Umeme ukikatika Kirumba, taarifa hizo hubaki zimechanganyika na oda za dagaa, nami nikiwa nyumbani huzikuta hivyo. Kwa sasa, kila mwanzo wa mwezi, naifunga Thunderbird kwenye kompyuta zote mbili, nachukua faili la msgFilterRules.dat, lenye vichujio, kutoka kompyuta ya ofisini kwa flashi na kuliweka kwenye mpakato mahali palepale.