Miaka miwili na kampuni ya kututunzia kompyuta: uzoefu wangu

Fundi wetu alikuwa kijana hodari, anajua kila waya wa ofisi unatoka wapi na unaishia wapi. Siku seva ya mafaili, kompyuta kuu inayotunza kazi za ofisi nzima, ilipozima, yeye alikuwa likizo, yuko ndani ya ndege. Watu 23 tulikaa tukitazamana hadi jioni. Alipotua alitupigia, akatuelekeza kwa simu, tatizo likaisha kwa dakika 10. Kumbe hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichoninyima usingizi ni kwamba paswedi ya seva ilikuwa kichwani mwake tu, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nasimamia uendeshaji: mikataba, malipo, na kero zisizo na mwenyewe. Ofisi yetu inaandaa hesabu za biashara za watu wengine, kwa hiyo faili likipotea hatulii peke yetu. Miezi michache baadaye yule kijana akapata kazi nzuri zaidi, tukaagana kwa wema. Badala ya kutafuta fundi mwingine, Machi 2024 tukasaini na kampuni inayohudumia ofisi nyingi kama yetu kwa malipo ya kila mwezi. Jina silitaji, maana baadhi ya nitakayosema hayatawapendeza, na bado niko nao.

Walitupa namna mbili za kulipa: kwa kila kifaa, au kwa kichwa, yaani kwa kila mfanyakazi. Nikachagua kifaa, nikijua tuna kompyuta 26. Wiki ya kwanza wakaendesha programu yao ya kukagua mtandao, zikatoka 31. Mbili zilikuwa stoo, zimewashwa, hazina mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari; zetu hazikupotea, zilikuwa zinakula umeme kimyakimya. Kwenye ripoti hiyohiyo kulikuwa na akaunti 4 za watu walioacha kazi ambazo bado zinafunguka. Ruta, kile kifaa kinachotuunganisha na intaneti, ilikuwa na paswedi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Na diski ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, ambayo mimi nilikuwa najivunia, ilikuwa imechomekwa kwenye seva yenyewe mchana na usiku. Ikiingia programu ya kuteka data na kudai fidia, inafunga seva na diski kwa pamoja. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, kisha nikahamia malipo ya kwa kichwa. Hata kama tungeachana nao mwezi huo, ripoti ile peke yake ingelipa gharama yake.

Kazi ya kila siku sitaieleza sana. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka; nyoka wetu wengi wameuawa kwa fimbo ya mbali. Fundi anaingia kwenye kompyuta yako akiwa kwake, unaona kishale kinatembea chenyewe, dakika chache baadaye unaendelea na kazi. Mtu wa kuja kwa miguu tunamwona labda mara moja kwa mwezi, na mara nyingi ni mambo ya nyaya.

Kilichokuwa kigumu ni tiketi, yaani ombi la msaada la maandishi. Zamani mtu alikuwa anainuka, anakwenda mezani kwa kijana, wanacheka, mambo yanakwisha. Sasa lazima uandike. Mzee wetu wa ukaguzi aligoma kabisa: "Yaani nimwandikie mtu barua kumwambia printa imekataa?" Kwa miezi miwili alikuwa ananiambia mimi, mimi naandika kwa niaba yake. Ila ilipofika robo mwaka, nikaomba orodha ya tiketi zote za ofisi. Karibu theluthi ya malalamiko yalitokana na printa moja. Tuliishi nayo miaka, kijana akiiponya kila wiki, na hakuna aliyejua inatugharimu kiasi gani. Tukaiondoa.

Sasa nije kwenye mkataba, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Mkataba wetu ulisema tatizo kubwa litaitikiwa ndani ya dakika 15. Nikasaini kwa furaha. Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, programu ya hesabu ikagoma kufunguka kwa kila mtu, na tulikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu asubuhi. Nikafungua tiketi. Dakika ya 9 nikajibiwa: tumepokea, tunashughulikia. Nikapiga simu, nikasikiliza muziki. Tatizo likatatuliwa Jumamosi saa saba mchana. Nilipolalamika, wakanionyesha mkataba, na walikuwa na haki: kuitikia kulitajwa, kutatua hakukutajwa popote. Tena saa za kazi zilikuwa zinaishia saa kumi na mbili jioni, wikiendi hesabu ya muda inasimama. Fundi aliyekuja Jumamosi alikuja kwa hisani.

Tangu siku hiyo nasoma tarakimu zao kwa jicho lingine. Walijivunia kwamba huduma yao ya wingu, yaani ile tunayoitumia kupitia intaneti, inapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda wote. Inasikika vizuri. Piga hesabu: kwa mwaka hiyo ni karibu saa 8 na dakika 45 za kuzima wakiwa bado ndani ya ahadi. Zikigawanyika usiku wa manane huzioni. Zikija zote siku moja ya kazi, siku hiyo imekwenda. Kwa hiyo tulipofanya upya mkataba nikadai maneno mawili tofauti yaandikwe, muda wa kuitikia na muda wa kurejesha kazi, kila kimoja na saa zake, na punguzo kwenye ankara wakishindwa. Walibishana kuhusu punguzo wiki nzima, kisha wakakubali.

Bakapu waliipanga upya kwa kanuni inayojulikana ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya ofisi. Kila asubuhi napata ujumbe wenye alama ya kijani. Siku moja nikawaomba, bila kuwatahadharisha, wanirudishie folda ya mteja mmoja ilivyokuwa wiki sita nyuma. Ilichukua saa 5. Nyaraka zilikuja zote, lakini hifadhidata ya programu ya hesabu ilikataa kufunguka: ilikuwa inanakiliwa wakati watu wanaitumia, kwa hiyo nakala ilikuwa nusu-nusu. Kijani miezi yote ile, jamani. Kwa haki yao, hawakutafuta visingizio. Walibadilisha namna ya kunakili wiki hiyohiyo, na jaribio la pili likaisha kwa dakika 50. Sasa kila robo mwaka nachagua folda mwenyewe na siwaambii mapema ni ipi.

Kuna swali nililotakiwa kuuliza kabla ya kusaini, nikaliuliza mwaka mmoja baadaye: wao wenyewe wakivamiwa, sisi tunakuwa wapi? Si swali la kufikirika. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipenya kupitia Kaseya VSA, programu ambayo kampuni za namna hii hutumia kusimamia kompyuta za wateja wao kwa mbali. Kampuni za huduma zilizoguswa moja kwa moja hazikufika 60, lakini biashara zilizo chini yao zilizopigwa zilikadiriwa kufikia 1,500. Huko Uswidi maduka ya Coop, mamia yake, yalifunga milango kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Fimbo ya mbali ikishikwa na mwizi, inafika kila nyumba. Wa kwetu walijibu vizuri: kila fundi ana akaunti yake mwenyewe, anathibitisha kwa hatua mbili, na kila anapoingia kwetu kunabaki kumbukumbu. Niliomba kumbukumbu hizo tuzione na sisi. Tunaziona.

Nimalizie na domeni, yaani jina letu la kwenye intaneti, maana ndiyo nusura ituachanishe. Mwezi tulioanza nao, barua pepe zetu za ankara zilikuwa zinaangukia kwenye spamu. Google na Yahoo walikuwa wameanza kubana Februari 2024, wakitaka mtumaji athibitishwe kwa rekodi ya SPF au DKIM, ambazo huonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye domeni, na sisi hatukuwa na hata moja. Ili kuziweka lazima ufungue akaunti ya domeni, na akaunti hiyo ilikuwa kwa barua pepe binafsi ya yule kijana aliyeondoka. Hapa ndipo kuagana vizuri kulipotuokoa: alitoa ushirikiano siku hiyohiyo. Kampuni ikahamisha domeni, barua zikaanza kufika, nikashukuru.

Miezi 14 baadaye nikagundua waliihamishia kwenye akaunti yao wenyewe. Yaani jina letu, ambalo lipo kwenye kila kadi na kila bahasha, lilitoka mfuko wa mtu mmoja likaingia mfuko wa mwingine, na mimi nikapiga makofi. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Wateja wao wengi wanapenda hivyo, wasisumbuliwe na tarehe za kulipia. Lakini kuipata kulinichukua siku 19 na barua pepe ambazo sikuzihesabu. Sasa domeni iko kwenye akaunti yetu, inalipwa kwa kadi yetu, na paswedi kuu za seva, ruta na barua pepe ziko ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu, zinahakikiwa kila zinapobadilishwa. Wao wana za kwao za kufanyia kazi. Nikiwafungia leo, kazi inaendelea.

Kuhusu gharama: kwa ujumla tunalipa kidogo chini ya mshahara wa fundi mmoja mzoefu, ila chunga neno "mradi". Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, walikuwa wametupa orodha mwaka mzima kabla, wakisema kompyuta 9 haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Taarifa hiyo ilikuwa ndani ya ada. Kuzibadilisha kulikuwa mradi, na ankara yake ilikuja peke yake, ndefu.

Tumesaini mwaka wa tatu. Nawapa nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku simu ya Ijumaa jioni itakapopokelewa na mtu.